Baba alazwe nusu kaputi au achomwe ganzi ya mkono? Uzi wa usalama kwenye upasuaji wa mishipa ya damu

Mchoma Ganzi

Wakuu salama? Kazi yangu ni usingizi, yaani mimi ndo nawalaza watu thieta, na hapa nimetoka zamu nikiwa na kahasira kidogo kwahiyo mnivumilie, uzi ni mrefu.

Iko hivi. Juzi kaletwa mzee wa miaka sitini na kitu, figo zimegoma, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa ule mpira wa shingoni, sasa anatakiwa atengenezewe fistula mkononi. Kabla hamjaanza, hii siyo ile fistula ya wakinamama walioumia kwenye kujifungua. Hii daktari anaunganisha ateri na vena ya mkono makusudi ili vena inenepe ipitishe damu nyingi, baadae sindano za mashine zinachomwa hapo na ule mpira wa shingoni unatolewa. Brescia na Cimino waliitoa New York mwaka 1966 na mpaka leo ndo chaguo la kwanza. Basi wamekuja wanae wanne, wamependeza, wanasema baba alazwe kabisa, hawataki asikie kisu, hela ipo. Nikawaambia mimi nataka nimchome ganzi mkono tu, mzee abaki macho tupige stori. Mmoja akaniangalia juu mpaka chini akasema "dokta, unabana matumizi kwa baba yetu?"

Nilicheka ila iliniuma. Watu wanaona nusu kaputi ndo VIP na ganzi ndo daraja la tatu. Kwa mgonjwa wa figo mara nyingi ni kinyume chake. Huyu mzee ana sukari ya miaka mingi, tumbo lake linashusha chakula polepole, hata akifunga usiku kucha naweza nikamlaza kumbe tumboni bado kuna kitu kikapanda kikaingia mapafuni. Moyo umechoshwa na presha. Halafu potasiamu, hawa watu potasiamu inacheza juu juu, na kuna dawa ya kulegeza misuli tunayotumia pale tunapotaka kuweka mpira wa kupumulia haraka inaipandisha zaidi, unaweza ukaona moyo unasimama mbele yako. Ganzi ya mkono inanivusha mambo yote hayo. Naweka ultrasaundi juu ya mtulinga au kwapani, naziona neva za mkono zimekaa pamoja, naingiza sindano taratibu huku naiona kwenye skrini, namwaga dawa pembeni yake izizunguke. Nusu saa hivi mkono umekufa, mzee anaushangaa kama siyo wake.

Na kuna kitu wengi hawajui. Zile neva ndo zinazobeba amri ya kuibana mishipa ya damu. Ukizilaza, vena za mkono zinatanuka na damu inapita vizuri, daktari mpasuaji anafurahi maana anashona kitu anachokiona. Glasgow huko Scotland walichukua wagonjwa 126 wakawagawa, nusu ganzi ya mkono mzima, nusu ganzi ya kuchoma pale pale kwenye ngozi. Baada ya miezi mitatu fistula zilizokuwa bado zinapitisha damu upande wa kwanza ni asilimia 84, upande wa pili 62. Ilitoka kwenye jarida la Lancet 2016. Ukifeli fistula mtu anarudi thieta, na mkono una sehemu chache tu za kujaribu.

Sasa kilichonifanya niandike siyo hiyo. Nilimuuliza mzee, unatumia dawa ya kuyeyusha damu? Hapana. Nikauliza tena wakati naangalia faili. Hapana mwanangu. Mara ya tatu nikamwambia binti yake nipe huo mfuko wa dawa zake niuone. Rambo jeusi, dawa kama tisa, na klopidogreli, ya kuzuia damu kuganda, imo, imebaki vidonge vinne kwenye karatasi. Nikamwambia mzee, si nilikuuliza? Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Hiyo ni ya moyo. Wewe umeniuliza ya damu."

Wakuu mzee hakudanganya. Nimeuliza vibaya mimi. Tujadili.

Kiroboto wa Kkoo

Mi nimeona kichwa "upasuaji wa mishipa" nikajua busha nikaingia mbio kwa ajili ya jirani 😂

Mchoma Ganzi

@Kiroboto wa Kkoo umetania lakini umegusa penyewe. Kiswahili chetu neva ni mshipa, ateri mshipa, vena mshipa, busha mshipa, ngiri mshipa, hata shingo ikikaza asubuhi ni mshipa. Nikimwambia mgonjwa "nachoma dawa kwenye mshipa" sijui kichwani kwake inafika wapi. Ndo maana siku hizi namshika kabisa, nachoma hapa, mkono huu utakufa, huu mwingine hapana.

bintimasasi

Asante sana kwa huu uzi. Mama yangu yuko dialisisi mwezi wa nne huu na mwezi ujao ni zamu yake ya hiyo fistula. Tumeambiwa ataachwa macho na amekataa kata kata, anasema ataona damu yake. Sasa swali, ataona? Na je hiyo klopidogreli ingemfanya nini yule mzee, maana mama anatumia aspirini ya kila siku na hakuna aliyetuuliza.

Mchoma Ganzi

Dada haoni kitu, kuna shuka linasimamishwa katikati, mkono uko upande wa pili kama uko chumba kingine. Akiwa muoga sana tunampa kadawa kidogo ka kumtuliza, siyo kumlaza. Ila mwambieni ukweli mapema, atahisi kuguswa na kuvutwa, hatosikia maumivu. Wengi wanapiga kelele wakiguswa kwa sababu waliambiwa "hutosikia kitu".

Aspirini peke yake kwa ganzi ya mkono hainisumbui, hata ya mgongo haitukatazi. Klopidogreli nyingine. Kwa sindano ya mgongo tunataka iwe imesimamishwa siku 5 mpaka 7, maana damu ikivujia ndani kwenye uti wa mgongo haina pa kutokea, ni mfupa pande zote, inakandamiza neva mtu anapooza. Mkono ni tofauti, hasa kwapani, ikivuja naiona na naweza kuikandamiza kwa kidole dakika kadhaa ikakata. Ndo maana yule mzee sikumuahirisha, nilihama tu kutoka mtulinga nikaenda kwapani. Halafu MUHIMU msije mkamsimamishia mtu dawa nyumbani kwa kusoma uzi huu. Mtu mwenye springi kwenye moyo (stenti, ya kuuweka wazi mshipa) ukimkatia klopidogreli kienyeji anaweza kufa na shambulio la moyo akisubiri kukatwa ukucha. Anayeamua ni daktari wa moyo, mpasuaji na wa usingizi wakiongea.

Mbishi Asilia

Nyie madaktari mnapenda kutetea sindano zenu. Shangazi yangu alichomwa ya mgongo kwenye mguu wa sukari mpaka leo mgongo unamuuma. Na kuna watu wamepooza kabisa hilo halifichiki. Nusu kaputi unalala unaamka imeisha.

Mchoma Ganzi

@Mbishi Asilia sifichi, ngoja nikupe mwenyewe kesi mbaya kuliko zote. Chesterfield Uingereza, Oktoba 1947, siku moja, hospitali moja, wanaume wawili wanaitwa Woolley na Roe wamechomwa ya mgongo na daktari yule yule. Woolley alikuja na busha (Kiroboto salimia), Roe goti. Wote wawili wamepooza miguu maisha yao yote. Mahakamani ikaelezwa kwamba chupa za dawa zilihifadhiwa kwenye fenoli, dawa ya kuulia vijidudu, na zilikuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho, fenoli ikapenya ndani. Wakashindwa kesi 1953 na rufaa 1954, miaka mingi baadae wengine wakaja na maelezo tofauti kwamba ilikuwa asidi ya kusafishia kile chombo cha kuchemshia vifaa. Vyovyote iwavyo shida ilikuwa kilichoingia na sindano. Na hiyo kesi iliwatisha Waingereza wakaikimbia sindano ya mgongo kwa miaka mingi, wakawa wanalaza watu ambao ganzi ingewafaa zaidi.

Na usidhani imeisha. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba kuna watu wanachomwa traneksamiki, ile dawa ya kukata damu, mgongoni kwa makosa, kwa sababu kichupa chake kinafanana na cha bupivakeini, dawa yenyewe ya ganzi, na vinawekwa droo moja. Traneksamiki mgongoni ni degedege na wengi wanakufa. Kwahiyo usalama wa ganzi kwa asilimia kubwa uko kwenye droo na kwenye kusoma lebo kwa sauti.

Shangazi pole, maumivu ya mgongo yana sababu nyingi ila aonwe.

Thieta Namba 3

Nesi wa thieta hapa. Naomba niongezee la upande. Zamani nilipofanya kazi (sitaji wapi) tulikaribia kuchoma mkono wa kulia wa mtu ambaye fistula yake ni kushoto. Ilikuwa hivi, mgonjwa aliingia na kitanda kikageuzwa ili mashine ya ultrasaundi ifike kwenye soketi, kila mtu kichwani bado anaona "upande wa dirishani". Daktari ameshapaka dawa, ameshashika sindano, mgonjwa ndo akauliza kwa sauti ya chini "hata huu mtaukata?" Tukaganda wote.

Shida ni kwamba ile chekilisti ya WHO ya 2008, pale tunaposimama wote tunataja jina na upasuaji na upande, inasomwa kabla ya kisu. Ganzi inachomwa kabla ya hapo, kwahiyo kosa linapita mlangoni kabla askari hajafika. Uingereza wakaanzisha utaratibu wao wa kusimama kabla ya kuchoma, sindano iko mkononi unasimama, unaangalia alama, unamuuliza mgonjwa, ndo unachoma. Sekunde kumi. Sisi baada ya siku ile tuliweka sheria sindano haitoki kwenye trei mpaka mimi nitaje upande na mgonjwa anyooshe mkono mwenyewe.

Wabongo tuna aibu sana hospitali, yule mgonjwa aliniambia baadae alifikiri labda madaktari wana sababu zao.

Kiroboto wa Kkoo

Sasa nimeacha kucheka. Hiyo "hata huu mtaukata" imenikaa vibaya.

Mwana wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Babangu alifanyiwa hiyo ya mkono mwaka jana, alipotoka jicho moja lilikuwa limelegea kama la usingizi na sauti imekwaruza, ndugu wote tulilia tukijua amepigwa stroku. Daktari akaja akatuambia itaisha jioni na kweli ikaisha. Lakini hakuna aliyetwambia mapema ndugu zangu, mamangu presha yake ilipanda yeye akawa mgonjwa wa pili.

Mchoma Ganzi

Hiyo ndo kawaida ya kuchoma juu ya mtulinga au shingoni, dawa inatambaa inalaza neva za jirani, kope inashuka, mboni inakuwa ndogo, sauti inakwaruza. Inatisha ila inaondoka na ganzi. Jirani anaenisumbua mimi ni neva ya kiwambo cha pumzi. Ukichoma shingoni kwa dozi ya kawaida karibu kila mtu nusu ya kiwambo inalala. Juu ya mtulinga inapungua lakini bado ipo. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri hata hajui, ila mgonjwa wa figo aliyejaa maji, aliyekosa dialisisi siku mbili, ataanza kuhema. Kwapani haifiki huko, ndo maana napapenda, na hatari ya kutoboa pafu haipo. Ubaya wa kwapani kuna neva moja imejitenga na wenzake, usipoifuata peke yake mgonjwa anasikia upande wa mkono wa mbele.

Na kosa la kutowaambia ndugu ni letu. Mamako pole.

bintimasasi

Nimesoma sehemu kwamba ganzi ikiingia kwenye damu mtu anakufa?? Mama asione huu uzi.

Mchoma Ganzi

Dada ipo na ni nadra, na ndo kitu ninachokiogopa kuliko vyote kwahiyo nitakieleza vizuri. Kila dawa ya ganzi ina kipimo. Bupivakeini tunahesabu kama miligramu 2 kwa kila kilo. Mama akiwa na kilo 50 ni miligramu 100, ile ya asilimia 0.5 ni mililita 20, basi, hakuna za kuongezea kwa sababu mpasuaji ana haraka. Na ni kilo zake akiwa ametoka kusafishwa damu, siyo na maji aliyobeba. Na kama daktari mpasuaji naye anachoma kaganzi kake pembeni hiyo inaingia kwenye hesabu ile ile, hapo ndo watu wanajisahau, wawili kila mmoja amechoma dozi halali kumbe jumla imevuka.

Ikizidi au ikiingia kwenye mshipa wa damu mgonjwa anaanza kusema mdomo una ladha ya chuma, masikio yanavuma, midomo inakufa ganzi, anaongea ovyo, kisha degedege, kisha moyo. Unaona faida ya kubaki macho? Mama mwenyewe ndo alamu. Namwambia kila mgonjwa, ukisikia masikio yanavuma niambie hapo hapo, usinionee haya. Na mimi namwaga dawa mililita chache chache, navuta bomba kuona kama damu inarudi, namwaga tena.

Dawa yake ipo na historia yake nzuri. Ni yale mafuta meupe kama maziwa, ya soya, yanayolisha wagonjwa wa ICU kwa dripu. Mmarekani Weinberg aligundua 1998 kwa panya kwamba yanawakinga na sumu ya bupivakeini, 2006 ikaripotiwa mara ya kwanza mtu amerudishwa nayo baada ya moyo kusimama. Asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kusukuma, halafu dripu inaendelea. Kwa mama ni mililita 75. Swali la kuuliza hospitali siyo mna ultrasaundi ya aina gani, uliza "mafuta yapo? yako wapi?" Kama jibu ni stoo na funguo iko kwa mtu aliyeenda msibani, hayapo hayo.

Mbishi Asilia

Haya hapo nimekuelewa kidogo. Lakini mbona mnasema ganzi ganzi kana kwamba nusu kaputi ni sumu, watu maelfu wanalazwa kila siku wanaamka. Na hiyo ya Glasgow wamelinganisha ganzi na ganzi, wapi nusu kaputi hapo?

Mchoma Ganzi

Swali zuri na umesoma vizuri kuliko nilivyotegemea 😅 Ni kweli Glasgow ni ganzi kwa ganzi. Na sipingi, ganzi siyo muujiza. Chukua upasuaji wa mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani, ule wa kukwangua mafuta ili mtu asipate kiharusi. Kule ganzi ina utamu wake, mgonjwa yuko macho, anashikishwa kamdoli kanacholia kwa mkono wa upande wa pili, mpasuaji akibana mshipa kadoli kakinyamaza wanajua ubongo umekosa damu. Watu tuliamini kabisa hapo ganzi itashinda. Wakafanya utafiti mkubwa unaitwa GALA, wagonjwa 3,526, nchi 24, matokeo 2008: kiharusi, shambulio la moyo au kifo ni asilimia 4.8 kwa waliolazwa na 4.5 kwa waliochomwa ganzi. Sare tu hiyo. Kwahiyo kama mgonjwa anapendelea zaidi kulazwa, au hawezi kulala chali akatulia lisaa, au anakataa ganzi, alazwe na fundi. Ninachokataa ni kusema ganzi ni ya maskini.

Thieta Namba 3

Ongezea na heparini Mchoma Ganzi, hilo watu wa mishipa ya damu linawahusu sana.

Mchoma Ganzi

Eeh hilo. Kwenye mishipa ya miguu mpasuaji lazima atie heparini katikati ya kazi damu isigande kwenye mshipa alioubana. Kama nimechoma mgongo namwambia angalau lisaa lizima lipite toka sindano mpaka heparini. Na zile sindano za tumboni za wodini, enoksaparini, za kinga ni masaa 12 kabla, dozi kamili ya tiba ni masaa 24. Sasa nesi wa usiku amechoma saa sita kwa sababu imeandikwa, sisi tunakuja saa mbili asubuhi na sindano yetu ya mgongo na hakuna aliyefungua chati. Pia mgonjwa aliyesafishwa damu leo asubuhi kapewa heparini kwenye mashine, ndo maana fistula tunapenda ifanyike kesho yake.

Ndugu wa mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mgongo mnachotakiwa kukaa nacho kichwani: miguu inarudi baada ya masaa kadhaa. Ikikataa kurudi, au imerudi halafu inakufa tena na mgongo unauma, PIGENI KELELE usiku huo huo. Damu iliyovujia kule ikitolewa ndani ya masaa 8 hivi mtu ana nafasi nzuri ya kutembea, ikisubiri raundi ya asubuhi imekula kwake. Na mguu uliorudishiwa damu baada ya kuziba, ganzi inaweza ikaficha maumivu ya misuli inayovimba ndani, kwahiyo mguu ukikaza kama ubao hata kama hauumi, ita daktari.

Mwana wa Likoni

Na mkono je? Babangu alifika nyumbani bado hausikii akauegemeza kwenye chupa ya chai iliyomwagikiwa maji ya moto, malengelenge matatu.

Mchoma Ganzi

Pole yake. Unaweza kukaa masaa 12 na zaidi, ufungwe kitambaa shingoni, asiulalie, asikae karibu na jiko. Na mkono wa fistula USIPIMWE PRESHA wala kutolewa damu wala kuwekwa dripu, hata nesi akisema ni mara moja tu. Tena anzeni kuutunza kabla ya upasuaji, mkono ambao haautumii sana, vena zake zisichezewe.

bintimasasi

Nimerudi wakuu, ni wiki ya sita sasa. Mama alikubali. Siku ile nilibeba mfuko wote wa dawa mpaka vitamini na ile mizizi aliyoletewa na shangazi, daktari alicheka ila alisoma moja moja. Nikamuuliza mafuta yako wapi, akanyoosha kidole kabatini bila hata kugeuka. Mama anasema aliongea na yule dokta habari za korosho mwanzo mwisho na alisikia tu kama mtu anampapasa.

Fistula inafanya kazi, ukiweka mkono inatetemeka, ukiweka sikio inavuma kama friji bovu. Kila mgeni anaekuja anaitwa asikilize, jana kamwita mpaka muuza maziwa.

Kiroboto wa Kkoo

Mwambie aweke kiingilio. Buku tu kwa sikio.

Mchoma Ganzi

Wiki ya sita ndo huwa tunaanza kuangalia kama imekomaa, mpelekeni ikapimwe kabla ya kuchomwa sindano za kwanza. Na kila asubuhi ajiguse mwenyewe, siku akikuta haitetemeki asisubiri kliniki, aende siku hiyo hiyo. Na hiyo mizizi ya shangazi ilikuwa mizizi gani?